Madini Bila Kipimo ni Mali Bila Daftari



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu aghalabu huambiwa mwenye duka, lakini hakuna kazi inayouhitaji zaidi kuliko kazi ya madini. Mkulima wa pamba huyaona mavuno yake kwa macho, akayapeleka mzanini mbele ya majirani. Mwenye mgodi wa dhahabu hana bahati hiyo. Mali yake imejificha ndani ya jiwe, na mbale inayochimbwa katika migodi mingi mikubwa huwa na gramu chache tu katika tani nzima ya mwamba. Mbale yenye gramu 3 kwa tani huhitaji kuchimbwa na kusagwa tani zaidi ya kumi ili ipatikane wakia moja, yaani gramu 31. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha jiwe la namna hiyo na jiwe lisilo na kitu. Kipimo pekee ndicho kiwezacho.

Kwa hiyo historia ya uhandisi wa madini, ikitazamwa kwa makini, ni historia ya watu waliojifunza kuona kile ambacho wenzao hawakukiona.

Hebu utazamwe mji wa Broken Hill, nchini Australia. Mwishoni mwa karne ya 19 migodi ya huko ilitafuta risasi na fedha. Zinki iliyokuwamo katika mbale hiyo hiyo ilitupwa pamoja na mabaki, kwa kuwa hapakuwa na njia nafuu ya kuitenga. Vikakua vilima vikubwa vya takataka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi wakafaulu kuisaga mbale iwe unga, kuichanganya na maji na mafuta kidogo, kisha kuifanya itoe mapovu. Chembe za madini zilishikamana na mapovu zikapanda juu, na mchanga wa kawaida ukazama. Vilima vile vya takataka vikawa mgodi mpya. Jiwe lilikuwa lile lile. Elimu ndiyo iliyokuwa mpya.

Jambo kama hilo lilitokea katika dhahabu. Mwaka 1887, mjini Glasgow, John MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipata hataza ya njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi iliyozimuliwa sana. Miaka michache baadaye njia hiyo iliiokoa migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambayo mbale yake ya chini ilikuwa imeishinda zebaki.

Hata hivyo, kuitoa dhahabu katika jiwe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua, kabla ya kuchimba, jiwe lenye mali liko wapi na mali hiyo ni kiasi gani. Hapo ndipo hesabu na kompyuta zilipoingia.

Katika migodi hiyo ya Witwatersrand alifanya kazi mhandisi aitwaye Danie Krige. Aligundua kosa lililojirudia kila mwaka. Sehemu za mgodi ambazo sampuli zilionyesha kuwa tajiri sana, zilipochimbwa zilitoa dhahabu pungufu ya makadirio. Na zile zilizoonekana maskini zilitoa zaidi. Hapakuwa na wizi wala uzembe. Sampuli chache zenye dhahabu nyingi huwa zimepatikana kwa bahati kwa kiasi fulani, na bahati haijazi mwamba mzima. Mwaka 1951, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Krige alionyesha jinsi ya kulisahihisha kosa hilo kwa takwimu. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron akaijengea kazi hiyo nadharia kamili, na njia ya kukadiria ikapewa jina la Krige mwenyewe. Kiini chake ni rahisi kukieleza: kila sampuli hupewa uzito wake kufuatana na umbali wake kutoka mahali panapokadiriwa, na kufuatana na jinsi madini yanavyobadilika ndani ya mwamba ule.

Kanuni hiyo ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuikokotoa kwa mkono. Mgodi wa leo hugawanywa katika kompyuta kuwa matofali ya kufikirika, mara nyingi mamilioni, na kila tofali hukadiriwa kivyake. Kisha kompyuta huulizwa: tofali lipi lipelekwe kiwandani, lipi litupwe, na shimo lichimbwe hadi kina gani kabla gharama haijaishinda faida? Hesabu ya swali hilo la mwisho ilitolewa na Lerchs na Grossmann mwaka 1965, na hadi sasa ni msingi wa mipango ya migodi ya wazi.

Kompyuta hazikuishia ofisini. Katika migodi ya chuma ya Pilbara, Australia Magharibi, malori yasiyo na dereva yalianza kujaribiwa mwaka 2008, na kazi za migodi hiyo husimamiwa na watu walioketi mjini Perth, umbali wa kilometa 1,500 hivi. Somo la Pilbara ni zito. Kazi huhama kutoka kwenye usukani hadi kwenye meza ya mwenye kujua hesabu. Nchi yenye mwamba lakini isiyo na watu wa kuketi katika meza hiyo yaweza kuwa na mgodi ndani ya mipaka yake na akili ya mgodi huo ikawa nje.

Tanzania ililionja somo hilo mwaka 2017. Mwezi Machi Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani ule mchanga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha, utokanao na njia ile ile ya mapovu. Mwezi Mei kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilieleza kwamba sampuli kutoka katika makontena yaliyozuiwa zilikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, ilhali nyaraka zilionyesha gramu 200 hivi. Kampuni yenye migodi iliikataa hesabu hiyo. Makontena yalikuwa 277. Ikichukuliwa kwamba kila moja lilibeba tani 20, ubishi ulikuwa kati ya tani 1.1 na tani 7.8 za dhahabu. Mgogoro huo ulimalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa asilimia 16.

Nani alikuwa na haki katika hesabu ile si hoja ya leo. Hoja ni kwamba mchanga ulikuwa mmoja na majibu yalikuwa mawili, na pengo kati yake lilikuwa la mabilioni ya shilingi. Biashara ya makinikia duniani ina desturi inayofaa kujulikana na kila mtumishi wa umma. Sampuli huchukuliwa mbele ya pande zote, hugawanywa na kutiwa lakiri; muuzaji hupima yake, mnunuzi hupima yake, na fungu jingine huwekwa akiba. Majibu yakitofautiana kupita kiasi kilichokubaliwa, fungu lile la akiba hupelekwa katika maabara ya tatu, ambayo ndiyo mwamuzi. Desturi hiyo ina maana pale tu ambapo kila upande una maabara na wapimaji wake. Asiye na kipimo hana cha kubishania.

Na wala isidhaniwe kwamba jambo hili ni la makampuni makubwa peke yake. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa, mbale husagwa kwenye makarasha, ikaoshwa, na dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Njia hiyo, mbali na sumu yake, mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Inayobaki imo katika mchanga uitwao marudio, ambao hununuliwa na wenye mitambo ya sianidi. Mwenye mtambo akipima na mchimbaji asipopima, ni nani atakayepanga bei? Shimoni na bandarini, kisa ni kile kile.

Basi mzigo huu unawaangukia walimu kwanza. Mwalimu hahitaji mgodi ili aufundishe uchimbaji. Achukue gunia la mahindi, atie humo punje chache za maharage, achanganye, kisha kila mwanafunzi achote kikombe na kukadiria maharage ya gunia zima. Mmoja atakuta punje tano, mwingine hatakuta hata moja. Waandike majibu yote ubaoni, watafute wastani, wachote tena kwa bakuli kubwa. Watakuwa wameelewa kwa nini sampuli moja hudanganya, na kwa nini sampuli nyingi zilizochukuliwa kwa utaratibu husema kweli. Mtoto huyo hataiona takwimu kuwa adhabu.

Kwa watumishi wa umma wajibu ni wa daftari lenyewe. Fomu ya sampuli isiyo na tarehe, lakiri iliyovunjwa bila maelezo, mzani usiohakikiwa kwa wakati, taarifa ya kampuni iliyopokewa bila kusomwa: kila moja huonekana kosa dogo la ofisi. Lakini dhahabu yenyewe hupimwa kwa gramu, na kosa dogo likizidishwa kwa maelfu ya tani hulingana na bei ya zahanati na madarasa.

Mashine zaweza kununuliwa, na kompyuta pia. Kisichonunuliwa ni mtu wa kuzisoma na uaminifu wa kuandika kile kilichosomwa. Shamba la pamba laweza kupandwa tena mwaka ujao. Mwamba ukishachimbwa hauoti tena. Daftari lake lastahili kuandikwa vizuri mara ya kwanza, kwani hakuna mara ya pili.