Kukisia Nani Atashinda Ubunge

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu ni habari ya kukisia matokeo ya uchaguzi. Ninyi mlioko Ruaha, Kidodi na Mikumi mmekwisha kusikia watu wakisema, "Jimbo hili ni ngome ya chama fulani." Ngome ni boma lenye kuta imara. Maana yake chama hicho hushinda hapo kila mara. Basi mtu akisikia hivyo hukaa nyumbani akapalilia mahindi yake, kwa kuwa mshindi anajulikana. Je, anajulikana kweli?

Jimbo la Mikumi limo katika Wilaya ya Kilosa. Mwaka 2010 alichaguliwa Abdulsalaam Amer wa CCM. Ilipofika Oktoba 2015, CCM ilimsimamisha mtu mwingine, Jonas Nkya. Aliyeshindana naye alikuwa Joseph Haule wa CHADEMA, yule mwimbaji aitwaye Profesa Jay. Mkisiaji aliyetazama matokeo ya zamani tu angesema CCM itashinda. Aliyeshinda ni Haule.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme kijiji kina wapiga kura 100. Watu 60 hupenda chama cha kwanza, 25 hupenda cha pili, na 15 cha tatu. Chama cha kwanza ni ngome, sivyo? Mwaka huu chama cha pili na cha tatu wanapatana kusimamisha mtu mmoja. Jumlisha 25 na 15, utapata 40. Bado 60 ni zaidi. Lakini siku ya kura watu 22 wa chama cha kwanza hawaendi, wakisema, "Tumekwisha shinda." Toa 22 katika 60, zinabaki 38. Katika wale 40 wanakwenda 39. Ngome imeanguka kwa kura moja! Na moja yatosha, maana kwa sheria yetu mbunge ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake.

Sisemi kuwa ndivyo ilivyokuwa Mikumi. Hesabu hiyo ni ya kujifunzia. Lakini mapatano ya namna hiyo yalikuwapo kweli mwaka 2015. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana kwa jina la Ukawa.

Tena, mkisiaji huuliza watu. Amwulize nani? Akiwauliza wakulima wa miwa wa Ruhembe peke yao, hajui wanalofikiri watu wa milimani Vidunda. Hata wenye ujuzi hukosea kiasi. Mwaka 2015, kabla ya uchaguzi, shirika la Twaweza liliwauliza watu kwa simu juu ya Urais, likasema John Magufuli angepata asilimia 65. Alishinda, lakini kwa asilimia 58 na kidogo. Katika jimbo ambalo vyama vinakaribiana, kosa la kiasi hicho lingetosha kumtangaza mshindi asiye mshindi.

Kuna jambo jingine, nami naliona kubwa kuliko yote: majina yaliyomo katika karatasi ya kura. Mwaka 2020, katika jimbo la Kilosa, jirani ya Mikumi, Palamagamba Kabudi wa CCM alipita bila kupingwa. Mwaka huo wapinzani walilalamika kwamba katika majimbo mengi wagombea wao walienguliwa kwa makosa madogo ya fomu. Mikumi kulikuwa na kura, na CCM ikalirudisha jimbo kwa Denis Londo. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo katika karatasi kabisa. Tume ilisema chama hicho hakikutia sahihi kanuni za maadili. Ikiwa jina ni moja, kazi si kukisia tena. Ni kusoma tu, na kusoma ninyi mmekwisha jua.

Hii ndiyo kazi ya wiki hii. Kijiji kina wapiga kura 200. Watu 120 hupenda chama cha kwanza, na 80 cha pili. Wote 80 wakienda kupiga kura, ni watu wangapi wa chama cha kwanza wabaki nyumbani ndipo chama cha pili kishinde? Angalieni, jibu si 40. Andikeni kwa tarakimu, tutasahihisha katika kipindi kijacho. Kwaherini.