Fedha za Shule, Uongozi Wake na Hatima ya Watoto: Habari za Wilaya ya Edgewood





Mada tuliyopewa leo yahusu fedha za shule, uongozi wake na maendeleo ya wanafunzi. Mara nyingi mambo haya matatu huzungumzwa mbali mbali. Penye mkutano wa wazazi husemwa fedha. Penye uchaguzi wa kamati husemwa uongozi. Na matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani husemwa watoto wamezembea. Sisi tumeona ni bora kuyatazama yote mahali pamoja. Tumechagua mahali padogo ambapo mambo haya yalifikishwa mbele ya mahakama, hesabu zikafunguliwa, na kila upande ukasema hoja zake hadharani. Mahali penyewe ni Edgewood, upande wa magharibi wa mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas, Marekani.

Kwanza yapasa tueleze wilaya ya shule ni nini, maana si wilaya tuijuayo sisi Tanzania, yenye mkuu wa wilaya na polisi wake. Huko Marekani wilaya ya shule ni mamlaka inayosimama peke yake kwa ajili ya elimu tu. Ina mipaka yake, ina bodi iliyochaguliwa kwa kura na wakazi, humwajiri msimamizi mkuu wa shule na walimu wote, na juu ya yote hayo ina uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo yaliyomo ndani ya mipaka hiyo. Kwa sura ya nje mpango huu wapendeza sana. Wazazi huwachagua viongozi wao, kodi yao hubaki kwao, na shule huwa yao. Lakini kodi hiyo hutozwa juu ya nini? Ikiwa ndani ya mipaka mna majumba makubwa na maduka, kiwango kidogo cha kodi huleta fedha nyingi. Ikiwa mna vibanda vya vibarua, kiwango kikubwa huleta fedha kidogo. Na kambi ya jeshi la anga ya Kelly, ambako wengi wa wazazi wa Edgewood walifanya kazi, ilikuwa mali ya serikali kuu, haikutozwa kodi hiyo.

Sasa tazameni hesabu za mwaka wa masomo 1967-68 kama zilivyoandikwa katika hukumu. Edgewood ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25, na asilimia 90 hivi ya watoto hao walikuwa wa asili ya Mexico. Thamani ya mali iliyotozwa kodi, ikigawanywa kwa kila mwanafunzi, ilikuwa dola 5,960. Wakazi walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani hiyo, kiwango cha juu kuliko wilaya zote za mji ule. Baada ya kutoa fungu lao katika mpango wa jimbo, wakabakiwa na dola 26 kwa mtoto. Jimbo likaongeza dola 222, na serikali ya shirikisho dola 108. Jumla dola 356.

Ndani ya mji huo huo wa San Antonio kuna wilaya nyingine, Alamo Heights, yenye shule 6 na wanafunzi wapatao 5,000. Huko thamani ya mali kwa kila mwanafunzi ilizidi dola 49,000. Wao walijitoza senti 85 tu kwa kila dola 100, nao wakabakiwa na dola 333 kwa mtoto. Jimbo likawapa dola 225, yaani zaidi kidogo kuliko lilivyowapa maskini, na serikali ya shirikisho dola 36. Jumla dola 594. Basi wale waliojinyima zaidi ndio waliopata kidogo. Mahakama ilionyeshwa pia kwamba Edgewood ikitaka kuifikia wilaya iliyopata mapato makubwa kuliko zote katika kaunti ile, ingelazimika kujitoza dola 5.76 kwa kila 100, na sheria ya jimbo ilikataza kuzidi dola 1.50. Yaani hata wazazi wangekubali kulala njaa, sheria isingewaruhusu kulipa.

Tofauti hiyo haikubaki katika vitabu vya hesabu. Ilimfikia mtoto darasani. Katika Edgewood asilimia 47 ya walimu walifundisha kwa vibali vya muda, bila kutimiza masharti ya ualimu. Alamo Heights walikuwa asilimia 11. Mshauri mmoja wa wanafunzi alikuwa na watoto 645 kule Alamo Heights. Edgewood alikuwa na watoto 3,098. Hebu fikirini mtu mmoja mwenye vijana elfu tatu wa kuwaongoza, huyu ataka kuacha shule, yule ana matatizo nyumbani, na mwingine ana akili ya kufika chuo kikuu lakini hapana wa kumwambia.

Tarehe 16 Mei 1968 wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana hadi ofisi ya msimamizi mkuu. Walidai jengo litengenezwe na waletwe walimu wenye sifa. Ndipo wazazi nao wakaamka, mmojawapo akiwa Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya Kelly, aliyewahi kulitumikia jeshi.

Hapa pana jambo ambalo twaomba mlizingatie sana. Wazazi wale mwanzoni waliwashuku viongozi wao wenyewe. Walidhani fedha za shule zinaliwa. Dhana hiyo ni nyepesi kuingia moyoni, nasi tunaijua: shule ikichakaa, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mwalimu mkuu na kamati. Lakini wakili waliyemwendea, Arthur Gochman, aliwaeleza kwamba tatizo ni kubwa kuliko hivyo. Hata bodi ya watu waaminifu kabisa isingeweza kuendesha shule njema kwa dola 26. Kosa lilikuwa katika mpango wenyewe wa jimbo, uliopima elimu ya mtoto kwa thamani ya ardhi iliyo chini ya nyumba ya jirani zake. Mwaka huo huo wa 1968 wazazi wakalishtaki jimbo.

Desemba 1971 mahakama ya shirikisho yenye majaji watatu iliwapa haki wazazi. Jimbo likakata rufaa, na tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Lewis Powell aliandika kwamba elimu haikutajwa kuwa haki katika katiba ya shirikisho, kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani kama fedha zaidi huleta elimu bora zaidi, na kwamba mpango ule unalinda uhuru wa wenyeji kuziongoza shule zao. Marekebisho, alisema, ni kazi ya majimbo.

Miongoni mwa waliopinga alikuwa Jaji Thurgood Marshall. Huyu si mgeni kabisa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, na huko aliandika rasimu ya sheria ya haki kwa ajili ya nchi iliyokuwa ikielekea uhuru. Katika kesi ya Edgewood alionyesha kwamba huo uitwao uhuru wa wenyeji ni neno tu. Wana uhuru gani watu walioruhusiwa kuchagua, na kila walichokitaka kiko nje ya uwezo wa mfuko wao? Kwa maoni yetu hoja hiyo haikujibiwa.

Na ile shaka ya kwamba fedha hazisaidii? Twakubali kwamba fedha zikitupwa ovyo hazifundishi mtu kusoma. Lakini mwaka 2016 wachumi watatu, Jackson, Johnson na Persico, walitoa uchunguzi wa Wamarekani waliozaliwa kati ya 1955 na 1985, wakilinganisha wale ambao wilaya zao ziliongezewa fedha kwa amri za mahakama na wale ambao hazikuongezewa. Waliona kwamba nyongeza ya asilimia 10 ikidumu miaka yote 12 ya shule, mtoto alipokuwa mtu mzima mshahara wake ulizidi kwa asilimia 7 hivi, na umaskini ulipungua. Faida kubwa zaidi ilikuwa kwa watoto wa maskini. Twastaajabu kidogo kwamba swali hilo huulizwa tu zinapotajwa shule za maskini. Hatujasikia tajiri akiambiwa apunguze ada ya mwanawe kwa kuwa fedha hazina maana.

Watu wa Edgewood hawakuvunjika moyo. Msimamizi mkuu wa wilaya, José Cárdenas, aliacha kazi mwaka 1973 akaanzisha taasisi ya kupigania usawa wa fedha za shule. Mwaka 1984 kesi mpya ilifunguliwa, safari hii katika mahakama za jimbo na kwa katiba ya Texas, ambayo inaliwajibisha bunge la jimbo kuweka mpango mzuri wa shule za umma. Wilaya ya Edgewood yenyewe ilikuwa mstari wa mbele. Kufikia wakati huo, mali kwa kila mwanafunzi ilikuwa dola 38,854 Edgewood na dola 570,109 Alamo Heights. Na kati ya wilaya tajiri kuliko zote jimboni na iliyo maskini kuliko zote, tofauti ilikuwa mara 700. Mwezi Oktoba 1989 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Texas wakasema kwa sauti moja kwamba mpango ule wavunja katiba. Bunge likajaribu mara mbili kutunga sheria, na mara zote mbili mahakama ikazikataa. Sheria ya 1993, inayozitaka wilaya tajiri kutoa sehemu ya kodi zao kwa ajili ya wengine, ndiyo iliyokubaliwa mwaka 1995.

Kutoka maandamano ya wanafunzi hadi hukumu ya 1989 ni miaka 21. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Laiti habari ingeishia hapo, tungesema fedha zilikuja na mambo yakatengenea. Haikuwa hivyo. Kati ya 1998 na 2008 mfuko wa watu binafsi uliwalipia watoto wa Edgewood waliotaka kuhamia shule nyingine, na kila mtoto aliyeondoka aliondoka na fungu lake la fedha za jimbo. Kambi ya Kelly ilifungwa mwaka 2001. Idadi ya wanafunzi imeshuka hata chini ya nusu ya ile ya 1968, na majengo kadhaa ya shule yamefungwa. Kisha bodi nayo ikaingia katika ugomvi, wajumbe wakashindwa kufanya kazi pamoja, na mwaka 2016 serikali ya jimbo ikawaweka kando waliochaguliwa, ikateua wasimamizi wake. Wilaya ile ile ambayo wazee wake walipigana miaka mingi ili uongozi wa wenyeji uwe na maana, ilinyang'anywa uongozi huo kwa sababu ya magomvi ya wajumbe.

Basi shaka ya wale wazazi wa 1968, iliyokuwa si kweli wakati ule, ilikuja kuwa na sehemu ya ukweli baadaye, ingawa kosa la safari hii lilikuwa ugomvi. Ndiyo maana hatupendi kusikia mtu akisema shule fulani yashindwa kwa sababu ya fedha tu, wala anayesema ni uongozi tu. Hilo halijulikani kwa kukisia. Wazazi wa Edgewood walilijua walipopata mtu wa kuwasomea hesabu: kiasi gani kimeingia, kimetoka wapi, kimegawanywa kwa watoto wangapi, na jirani amepata ngapi.

Miongoni mwenu mliokaa hapa wamo wajumbe wa kamati za shule. Wamo pia wazazi ambao tangu watoto wao waandikishwe hawajahudhuria mkutano hata mmoja, na wengine huhudhuria siku ya kutangazwa michango ili walalamike. Hesabu za shule ni haki yenu kuziuliza, na mjumbe aliyepewa amana hiyo asione amevunjiwa heshima akiulizwa. Aulizwe kwa adabu, ajibu kwa karatasi.

Mzee Demetrio Rodriguez alifariki mwaka 2013. Alikuwa ameishi kuiona hukumu ya 1989, na pia sheria ya 1993, ambayo mpango wake wa kugawana kodi unaendelea kutumika Texas, na kila bunge la jimbo likikutana hubishaniwa upya.

Wabillahi taufiq.