KUIFUNGA NYUMBA NA MSINGI WAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya pili ya mkutano)

Ndugu Mwenyekiti, waalimu wetu wa zamani, na ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Katibu aliponiandikia nizungumze juu ya kazi yangu alinionya nisilete hesabu. Nitajitahidi. Kwa wale tulioachana siku nyingi, mimi ni seremala wa majengo katika jimbo la California, Marekani, na sehemu kubwa ya kazi yangu naifanya nikiwa nimelala kifudifudi katika uvungu wa nyumba za watu. Nimechagua kuieleza hapa kwa kuwa baadhi yenu mna watoto waliohamia kule, na wengine wamekwisha nunua nyumba, tena nyumba kuukuu.

Nyumba nyingi za kule ni za mbao. Mgeni atokaye kwetu huzidharau. Hugonga ukuta, akasikia unavyolia, akadhani siku ya tetemeko ndizo zitakazotangulia kuanguka. Sivyo. Mbao ni nyepesi, nayo hupinda kabla ya kuvunjika. Nyumba ya matofali isiyo na nondo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ugonjwa wa nyumba kuukuu ya mbao uko pale inapokutana na msingi.

Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya mwaka 1940 hivi ziliwekwa tu juu ya msingi, pasipo bolti hata moja. Ilidhaniwa kwamba uzito wake watosha kuzituliza. Lakini tetemeko huivuta ardhi kwenda kando kwa ghafula, na nyumba ikabaki nyuma, mfano wa abiria aliyesimama ndani ya basi wakati dereva anapoondoa gari kwa nguvu. Nyumba huteleza ikashuka kutoka kwenye msingi wake. Pengine ni futi mbili tu, lakini futi mbili zatosha kukata bomba la gesi na waya za umeme, na hapo moto haupo mbali.

Tena kuna kuta fupi. Kati ya msingi na sakafu ya nyumba hizi mara nyingi pana ukuta wa miimo ya mbao, wa futi mbili, tatu au nne, ambao kwa nje umepigiliwa mbao za kulala basi. Mnavikumbuka vile vitanda vya bwenini vilivyolegea miguu? Ukikaa polepole kilikuchukua. Ukijitupa kwa ubavu, miguu yote minne ililala upande mmoja, nawe ukawa sakafuni. Ndivyo ukuta ule ulivyo, na juu yake imekaa nyumba nzima na watu wake.

Tarehe 17 Oktoba, 1989, tetemeko la Loma Prieta, lenye ukubwa wa 6.9, liliua watu 63. Wengi wao walikufa katika barabara ya ghorofa iliyoanguka mjini Oakland, na dunia yote ikatazama barabara hiyo. Lakini huko Santa Cruz na Watsonville nyumba nyingi za mbao zilishuka kutoka kwenye misingi yake, na familia zikajikuta nje. Kwa juu nyingine zilionekana nzima, hata vioo vya madirisha vipo!

Dawa yake si ya ajabu. Juu ya msingi hulala mbao moja inayobeba miimo yote. Twaitoboa mbao hiyo hadi ndani ya zege, tukatia bolti ya nusu inchi au zaidi, na juu yake washa pana ya chuma ya mraba ili nati isizame katika mbao. Bolti zisiachane zaidi ya futi sita, na karibu na kila ncha ya mbao iwepo moja. Kisha kuta fupi twazipigilia plaiwudi kwa ndani, misumari ikifuatana pembeni kila baada ya inchi nne. Hiyo plaiwudi ndiyo inayomzuia yule mwenye kitanda asilale chini. Twaacha matundu ya hewa, la sivyo mbao zitaoza.

Nasisitiza mambo hayo yaende pamoja, kwa kuwa wapo makandarasi wanaouza bolti peke yake. Niliwahi kuingia katika uvungu mmoja nikakuta bolti mpya zinang'aa, zimekazwa vizuri sana, katika mbao iliyoliwa na mchwa ikabaki ganda. Mwenye nyumba alikuwa amelipa na ana risiti. Mwambieni kijana wenu aingie uvunguni mwenyewe na tochi na bisibisi, aichome mbao kabla ya kumlipa mtu.

Gharama ni dola elfu chache kwa nyumba ndogo, na katika miaka ya 2010 jimbo lilianzisha mpango wa kuwapa wenye nyumba ruzuku ya hadi dola 3,000. Hata hivyo watu husitasita. Jiko jipya mgeni huliona na kulisifu; bolti hakuna aionaye.

Aliyepanga yu katika hali mbaya zaidi, maana uamuzi si wake. Kuna majengo ya mbao ya ghorofa ambayo chini yake ni maegesho ya magari, nguzo nyembamba tupu. Tarehe 17 Januari, 1994, saa kumi na nusu alfajiri, jengo la namna hiyo huko Northridge lililalia ghorofa yake ya chini na watu 16 wakafa. San Francisco ilitunga sheria ya kuwalazimisha wenye majengo hayo mwaka 2013, na Los Angeles mwaka 2015. Miaka ishirini, ndugu zangu!

Jana usiku mmoja wenu aliniuliza kama haya yangeisaidia Bukoba, ambako tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba na kuua watu. Bolti zangu hazifai kwa ukuta wa matofali. Kule kunatakiwa mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu, na paa lifungwe humo. Ila swali la kumwuliza fundi ni lile lile: hiki kimeshikwa na nini?

Nimeleta kipande cha mbao, bolti na washa yake. Viko pale mezani karibu na chai. Mwenye kutaka kuvishika na aje.