Anayelipia Skuli na Apige Kura

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mwenzetu, muuza duka, mbele ya mkutano wa tawi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya kodi na skuli. Tumechagua kuyasema kwa mfano wa mbali, nao ni Tarime na Serengeti, wilaya mbili za mkoa wa Mara kule Bara, upande wa mpaka wa Kenya. Huenda mmoja wenu akauliza: yatuhusu nini sisi watu wa kisiwani, ilhali skuli zetu na mabaraza yetu yana sheria zake mbali? Jawabu letu ni lile la wazee: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sisi watu wa madukani twaijua kanuni moja, nayo haikuandikwa na serikali yoyote. Mnunuzi huulizwa bei, akaikubali. Kisha bidhaa hupimwa mbele ya macho yake. Kodi si biashara, lakini nayo ina mizani yake. Kura ndiyo kuikubali bei, na hesabu iliyosomwa hadharani ndiyo kupimiwa. Ikikosekana moja katika hizo, kodi hugeuka kuwa amri.

Kodi ya nyumba si jambo jipya katika nchi ile. Wajerumani waliianzisha kodi ya vibanda mwaka 1898, na Waingereza wakaifuatisha. Mwenye kibanda hakuulizwa rai yake, wala hakuonyeshwa darasa lililojengwa kwa fedha yake. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutiki upesi, na kila serikali inayotaka kodi ya nyumba yapasa iikumbuke.

Lakini nchi hiyo hiyo ya Mara ina kumbukumbu nyingine. Mjini Musoma, mnamo Novemba 1974, chama cha TANU kilipitisha azimio kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefika umri wa kusoma awe amepata nafasi skulini. Hazina haikuwa na fedha ya kutosha. Wanavijiji ndio waliofyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakainua kuta. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba watu wa Bara, au watu wa hapa kwetu, hawataki kuchangia elimu. Watu huchangia, wasichokitaka ni kulipishwa gizani.

Sasa tuitazame hali ya miaka hii. Kodi ya majengo ilikuwa ikikusanywa na halmashauri. Mwaka 2016 kazi hiyo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 ikafungwa ndani ya luku, ambayo ni kama tukuza yetu huku: mtu akinunua umeme, kodi hukatwa kabla hajawasha taa. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kila ghorofa shilingi 5,000. Mwaka 2023 viwango vikapandishwa, vikawa 1,500 na 7,500. Viwango hivyo vilipitishwa na Bunge huko Dodoma. Katika mji wa Tarime au wa Mugumu hapakuitishwa mkutano wa wenye nyumba, na risiti ya umeme haisemi shilingi ile imekwenda skuli gani, wala kama imekwenda skuli.

Tena kuna dhulma ndogo ndani yake ambayo muuza duka huiona mapema kuliko wengine. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Akikosa kuelewana na mwenye nyumba, mpangaji huilipia nyumba isiyokuwa yake. Serikali ilisema wawili hao wapatane wenyewe. Sisi twauliza: sheria gani hiyo, ambayo haki yake yategemea upole wa mwenye nyumba?

Na skuli je? Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada iliondoka, na hilo ni jambo la kheri ambalo hatulikanushi. Ruzuku ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Elfu kumi hainunui bati la darasa. Basi madarasa yakarudi pale pale yalipokuwa: mikononi mwa wanakijiji.

Hapa ndipo tunapotaka msikie vizuri, kwani wenzetu wa Mara wana kitu ambacho sisi hatuna. Kwa sheria ya mwaka 1982, kila mkaazi wa kijiji aliyetimia miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa. Mkutano una haki ya kuulizwa juu ya mchango wa darasa na ya kusomewa mapato na matumizi. Hatusemi kwamba haki hiyo hutimizwa kila mahali. Kuinua mkono mbele ya mtendaji si sawa na kura ya siri, na mchango ulioitwa wa hiari mara nyingi hudaiwa kama deni. Lakini mlango upo, na mwenye kuudai uwazi ana sheria ya kushika mkononi. Hapa visiwani sheha hatumchagui; huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Ukiletwa kwetu kesho mchango wa skuli kwa kila nyumba, nani atauliza, na nani ataulizwa?

Wako wenzetu watakaosema: basi kila kijiji kijitoze, kipige kura na kijenge skuli yake. Tungoje kidogo. Tarime, huko Nyamongo, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002. Serengeti ina mbuga, na vijiji kama Robanda vimekaa mlangoni mwa watalii. Lakini si kila kijiji kina dhahabu, wala si kila kijiji hupitiwa na mgeni. Kila kimoja kikijitegemea, cha kwanza kitaezeka bati na cha pili kitasomesha chini ya mti. Yametokea Marekani, ambako katika majimbo mengi wananchi huipigia kura kodi ya nyumba kwa ajili ya skuli zao. Wazazi wa mtaa wa kimaskini wa San Antonio, katika Texas, walishtaki kwamba nyumba zao ni za thamani ndogo, kwa hiyo hata wakijitoza sana hupata kidogo. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliwakatalia, majaji watano dhidi ya wanne. Walikuwa na kura, na bado walikosa haki.

Kwa hiyo kapu na liwe la wilaya nzima. Mfano mmoja upo. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni ya mgodi yapaswa kila mwaka kuandaa mpango wa kuisaidia jamii, na mpango huo sharti ukubaliwe na halmashauri. Hapo diwani wa kijiji kisichokuwa na dhahabu naye hupata kiti cha kusemea mtoto wake.

Ndugu zetu, chama cha upinzani hujaribiwa kusema "hatulipi" kwa kila kodi. Maneno hayo hupigiwa makofi, lakini hayajengi darasa. Visiwa hivi vilitangaziwa elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na kila mzazi aliyeko hapa ajua ni mara ngapi amechangia tangu siku hiyo. Tusiikatae kodi ya skuli. Tuiwekee masharti.

Kwa hiyo twaliweka azimio hili mbele ya tawi, likubaliwe au likataliwe kwa kura ya siri. Kwanza, kodi yoyote ya nyumba inayoitwa ya skuli iamuliwe na wanaoilipa au na waliowachagua. Pili, alipe mwenye jengo, wala asibebeshwe mpangaji. Tatu, fedha igawanywe kwa hesabu ya watoto, wala si kwa utajiri wa mtaa. Nne, hesabu yake ibandikwe katika mlango wa skuli kila baada ya miezi mitatu.

Vikaratasi viko mezani kwa Katibu. Anayelikataa naye aandike, kwani hatuwezi kudai kura kwa serikali tukainyima ndani ya tawi letu.