Universite ishuke mpaka shambani



Tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza 2025, diplomasia tunaisikia ya Washington na Doha tu. Mapatano ya 27 mwezi wa sita yanataja wakimbizi kurudi. Ni vizuri. Lakini mtu akirudi Masisi akikuta mwingine analima shamba lake, nani atawapatanisha?

Sheria ya udongo ya 1973 iliacha udongo wa kimila ungojee amri ya raisi. Zaidi ya miaka 40 ikapita bila amri kutoka. Wanafunzi wa sheria wanayajua hayo, ila memwari zao ni za Kifaransa, zinalala kwenye rafu. Tunaomba maprofesa: mutume wanafunzi vijijini, waeleze kwa Kiswahili, familia zote mbili zikisikiliza. Wafadhili, tunawaomba pesa ya safari yao.