Ng'ombe Anapotafuna Mifupa

Leo tuzungumze habari ya dawa za asili na vyakula vya nyongeza kwa mifugo.

Wakati wa kiangazi, mfugaji hupita malishoni akamkuta ng'ombe amesimama anatafuna mfupa mkavu, pengine kiatu kibovu au kipande cha gome. Wengine husema, ah, huyu ana tabia mbaya. La, si tabia. Huyo anatafuta madini. Majani yakishakauka huwa na fosforasi kidogo sana, na bila hiyo ndama hakui vizuri, mtamba anachelewa kupata joto, na maziwa yanapungua. Magadi tunayowapa ni mazuri, lakini hayana fosforasi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunawapa magadi mwaka mzima, kisha tunashangaa ng'ombe bado anaokota mifupa.

Na mfupa wenyewe ni hatari. Katika mabaki ya nyama iliyooza huwamo vijidudu vyenye sumu kali. Ng'ombe akiila hulegea miguu, hushindwa kumeza, hulala asiinuke tena. Akifikia hapo, ni vigumu sana kumwokoa.

Basi fosforasi hiyo mpe wewe, kwa njia ya salama. Kusanya mifupa ya ng'ombe na mbuzi waliochinjwa wakiwa wazima. Ichome katika moto mkali mpaka iwe myeupe na kuvunjika kwa vidole; ikiwa bado myeusi, rudisha motoni. Itwange kwenye kinu, uchekeche. Changanya kopo moja la unga huo na kopo moja la chumvi ya kawaida, uweke katika kihori chenye kipaa juu, maana mvua ikinyesha chumvi yote itayeyuka. Ng'ombe mkubwa vijiko viwili vya chakula kwa siku vinamtosha. Kama hawajaonja chumvi siku nyingi, anza na kidogo, na maji yawe karibu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mfupa wa mnyama aliyekufa ghafla, awe wa nyumbani au wa porini, usiuguse. Huenda ni kimeta. Mzoga wa kimeta huvimba upesi na mara nyingi hutoka damu nyeusi isiyoganda, puani au nyuma. Usimchune, usimle, usimkokote. Mwite bwana mifugo. Najua inauma kuiacha nyama ya ng'ombe mzima, hasa nyumba ikiwa na njaa, lakini ugonjwa huo huua watu pia.

Tuje kwenye kupe. Majani ya utupa yakitwangwa, yakalowekwa majini na kuchujwa, maji yake hupakwa ngozini kupunguza kupe. Ni dawa nzuri kwa kazi hiyo, ila utupa ni sumu ya samaki. Usioshee ng'ombe mtoni wala bwawani. Maji ya Grumeti huishia Ziwa Viktoria, na huko wako watu wanaokula samaki.

Lakini kupe ni kitu kimoja, na ndigana kali ni kitu kingine. Ndama akivimba tezi chini ya sikio, akiwa na homa na anahema kwa shida, hakuna jani la kumponya. Ni sindano, tena mapema. Iko pia chanjo ya ndigana, inayotolewa mara moja tu. Muulize bwana mifugo. Wanaofuata kilimo hai wasiogope: kanuni zake hazisemi mnyama aachwe afe kwa sababu dawa ni ya dukani. Ila maziwa yake yasiuzwe mpaka siku za kusubiri zipite.

Kwa kuku ni vivyo hivyo. Mshubiri katika maji ya kunywa watu wengi wanautumia, nami siwakatazi, lakini kideri hakitibiki kwa mshubiri. Tone moja la chanjo jichoni, kila baada ya miezi mitatu, basi.

Neno la mwisho ni mtama. Mvua za kwanza zikianza, mtama uliokatwa huchipua tena na ng'ombe wenye njaa huukimbilia. Chipukizi hizo zina sumu inayoua kwa muda mfupi sana. Wachungaji, nanyi watoto mnaochunga baada ya shule, zungukeni mashamba hayo kwa mbali mpaka mtama upite kimo cha kiuno.