Rejeta Ikivuja Safarini

Leo tunazungumzia rejeta inayovuja ghafla.

Unapandisha mlima Kitonga, mkoani Iringa. Mara mshale wa joto unapanda, mvuke unafuka kwenye boneti. Egesha pembeni, zima injini, weka pembetatu za tahadhari. Tafadhali sana, usifungue kifuniko cha rejeta! Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ikiwa kwenye shinikizo huweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi, itakurukia usoni. Subiri angalau nusu saa, injini ipoe.

Kisha tafuta panapovuja. Mpira wa rejeta umelowa? Kaza klipu, ukiwa umepasuka, ubadilishwe. Matone yanatoka karibu na mkanda wa injini? Huenda ni pampu ya maji. Oili imekuwa kama maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe usiokoma? Shuku gasketi ya silinda hedi: usiwashe tena, gari livutwe.

Uvujaji ukiwa mdogo, ongeza maji safi, endesha taratibu hadi gereji iliyo karibu, jicho kwenye geji ya joto. Fundi akishatengeneza, jaza kulanti inayofaa gari lako.

Na kabla ya kila safari, injini ikiwa baridi, kagua kiwango cha kulanti. Safari njema.